Nyekundu Juu, Fedha Chini

Nilimkuta chini ya dirisha la tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, amelala chali juu ya kokoto. Bado alikuwa na joto. Kama ningemkuta amepoa, labda ningejiambia kwamba alikufa jana au juzi, na kwamba hakuna ambacho ningeweza kufanya. Lakini alikuwa wa moto kama yai lililotoka kutagwa sasa hivi, na shingo yake ililala upande kwenye kiganja changu kana kwamba haina mfupa.

Mgongo wa kahawia, kichwa chenye wekundu wa kutu, kifua cheupe chenye madoa meusi ya mviringo. Alikuwa mkesha wa msituni, ndege ambaye kwa sauti hakuna anayemfikia katika misitu yote ya Michigan, na mimi nimelala katika mingi. Nikamgeuza. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete ya alumini.

Nikakaa palepale kwenye kokoto.

Katika Hifadhi ya Kinu cha Haskett hakuna mtu aliyemvisha ndege pete tangu Garret Vandermolen afariki, miaka mitano iliyopita. Leseni ilikuwa yake na nyavu zilikuwa zake. Na majira yake ya mwisho ya kuchipua alinasa mkesha mmoja tu. Alimvisha pete mbili kwenye mguu wa kushoto: juu ya plastiki nyekundu, ili umtambue kwa mbali, na chini yake ya alumini, yenye namba. Nyekundu juu, fedha chini. Akamwita Shemasi, kwa sababu, alisema, haanzi kuimba mpaka watu wote wamekaa na kunyamaza. Kila mwaka ndege yule alikwenda zake Nikaragua kukimbia baridi, na kila mwaka, wiki ya kwanza au ya pili ya Mei, alirudi kwenye bonde lilelile, nyuma ya benchi lilelile. Mimi nilichuma kahawa Nikaragua msimu mmoja nilipokuwa kijana. Njia ile naijua. Mimi niliipita mara moja nikiwa na basi na lori na pasipoti, nikaona nimefanya jambo kubwa.

Niliitafuta pete nyekundu kwa magoti, kokoto kwa kokoto. Haikuwepo. Nikajiambia imekatika alipogonga kioo, imerukia kwenye majani. Namba niliisoma mara mbili. Mwisho wake ni saba na moja, na mtu yeyote aliyewahi kutembea na Garret alizijua hizo saba na moja kama anavyojua nyumba yake.

Sasa niseme habari ya dirisha, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kituo cha wageni kiliwekewa madirisha matatu makubwa vuli iliyopita, yanayotazama msitu. Yanapendeza. Ukisimama nje unauona msitu ndani ya kioo, mti kwa mti, na ndege naye anauona hivyohivyo, anauingia. Ardis, mke wa Garret, alisimama kwenye mkutano akasema bila kupandisha sauti kwamba yakikaa hivyo tutaokota ndege kwa koleo. Basi hifadhi ikanunua vitone vya kubandika kwenye kioo, vyeupe, vidogo kama dengu, unavipanga kwa mistari ili ndege ajue kuna ukuta. Kazi ya kuvibandika nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayesafisha njia, kumwaga mapipa na kufungua milango asubuhi.

"Kabla ya Aprili kwisha, Del," Ardis aliniambia. "Wakianza kufika hawatatusubiri."

"Yatakuwa yamekwisha."

Nilimaliza mawili. Halafu theluji ikayeyuka, na miguu yangu ikaanza. Tangu nina miaka kumi na saba, theluji ikiyeyuka miguu huniwasha. Ndiyo maana shule nimeisoma vipande vipande na kazi nimezifanya arobaini. Nikapanda basi kwenda mji wa Soo kuangalia meli za kubeba madini ya chuma zikipita kwenye milango ya maji ya mfereji, zile nilizowahi kufanyia kazi jikoni. Nilisema siku tatu. Nikakaa kumi na sita. Niliporudi, Alhamisi, bunda la vitone lilikuwa pale pale kwenye rafu ya stoo, na matembezi ya kutazama ndege yalikuwa Jumamosi. Nikasema nitafanya Jumatatu. Ardis hakuniuliza. Yeye ukishamwambia kitu, umemwambia.

Nikampeleka Shemasi stoo. Tuna friza pale kwa ajili ya ndege wanaokufa. Watu wa chuo kikuu huja kuwachukua kila mwisho wa mwezi. Kila ndege anaingia kwenye mfuko wake na kikaratasi: tarehe, saa, mahali, jina la aliyemwokota. Nikaandika vyote. Mkono ulijiandikia wenyewe, kwa mazoea. Nikafunga mfuko, nikamweka chini kabisa, nikanawa mikono na kutoka nje. Kulikuwa kumepambazuka na ndege wote wa kaunti ile walikuwa wanaimba.

Na kuna jambo jingine nililolijua mimi peke yangu. Mtoto wa Ardis, aliyeko Arizona, alikuwa anamtaka auze nyumba ahamie kwake. Wakati wa baridi, tukimwaga chumvi kwenye ngazi za kituo, Ardis aliniambia, "Nimemwambia nitampa jibu mwezi wa Mei. Shemasi akirudi, nabaki mwaka mmoja zaidi. Asiporudi, nitafungasha." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, nimekaa mji ule miaka saba, mahali ambapo nimekaa kuliko pote maishani mwangu, na sababu haikuwa mapipa.

Asubuhi ileile walifika watu kumi na wanne kwa matembezi. Ardis alikuja amevaa kofia ya kijani ya Garret, ambayo hakuna aliyeiona tangu mazishi.

"Ehee!" akasema Wendell Kuiper. Huyu ni daktari wa meno mstaafu, ndiye anayeshika orodha, na amechungulia midomo ya nusu ya mji. "Bibi Ardis, leo unaoa au unaolewa?"

"Naongoza matembezi. Wewe andika, acha maneno."

"Naandika: kofia, moja, ya kijani, nadra sana."

Ardis alicheka kwa sauti mpaka kunguru wa maegesho wakaruka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu Garret augue. Nikadhani ni matumaini. Nikadhani anajitia moyo kabla ya kufika kwenye benchi.

"Na wewe mzururaji umerudi," Wendell akanigeukia. "Huko Soo meli zilipita bila wewe kuzisukuma?"

"Zilipita."

"Mbona umekauka hivyo? Hujalala?"

"Nimelala."

Ardis akanitazama kidogo, akanipa kikombe cha kahawa ya chupa yake mwenyewe, akaendelea.

Alikuwepo mgeni mmoja, Joelle, muuguzi aliyetoka zamu moja kwa moja, bado amevaa viatu vya hospitali. Darubini aliyoazimwa aliishika kinyume.

"Dada," Wendell akamwambia, "ukiigeuza hivyo utaona mpaka mwaka jana."

"Mwaka jana siutaki," Joelle akasema. "Nipe upande wa leo."

Tukaingia msituni. Upepo wa kusini ulikuwa umevuma usiku kucha, nao ndio unaowaleta. Chini, maua meupe ya petali tatu yalikuwa yamefunguka kila mahali. Juu, majani ya mwaloni hayajazidi sikio la panya, kwa hiyo unaona vizuri. Ardis alitembea mbele, mikono nyuma, haangalii juu. Anasikiliza kwanza.

"Usitafute ndege," alimwambia Joelle. "Ukimtafuta humpati. Tafuta jani linalotikisika na wenzake wametulia. Pale. Mwaloni, tawi linaloelekea kwenye kinu. Unaona?"

"Sioni... Mungu wangu. Mungu wangu! Koo lake linawaka!"

"Ndiyo. Huyo ni kaa la moto. Uzito wake ni kama sarafu mbili, na juzi alikuwa upande wa pili wa bahari."

Joelle akaanza kulia, hivihivi, machozi yanashuka na darubini ipo machoni. Hutokea. Hakuna anayeuliza.

Tulipata ndege ishirini na sita kabla ya kufika bondeni. Yule mdogo mwenye miwani ya manjano, yule mweusi na mweupe anayepanda shina kama panya, kundi la wale wa kijivu wanaopita juu kabisa na kukuvunja shingo. Wendell aliandika kila mmoja. Na kwa Wendell huandiki kitu kwa kuhisi. Sheria ya Garret bado ndiyo sheria: sema ulichoona, usiseme unachojua. Umeona mkia, sema mkia. Umesikia, sema umesikia. Kuna mtu mmoja, simtaji, alidai ameona ndege wa Texas kwenye bwawa letu, na mpaka leo, miaka kumi na moja, akisema mvua inanyesha watu hutoa mkono dirishani kuhakikisha.

Mimi neno langu lilikuwa halina shaka. Garret mwenyewe ndiye aliyesema, mwaka wangu wa kwanza, nilipomwambia kwamba ndege niliyemfuatilia saa nzima sikumwona vizuri na sitamtaja: "Huyu bwana hajasoma vitabu vyetu, lakini macho yake hayana uongo." Nimesifiwa mara chache. Ile niliiweka.

Benchi lina jina la Garret. Desturi ni kwamba ukifika pale unanyamaza dakika kumi, wote, hata Wendell. Na hakuna anayelitaja jina la Shemasi mpaka mtu aone miguu. Mkesha akiimba ni mkesha tu. Miguu ndiyo inayosema ni yeye.

Tukanyamaza. Ardis alikaa kwenye benchi, peke yake, kama kawaida. Wengine tulisimama nyuma.

Dakika nne. Tano. Mwanamke mmoja akakohoa kwenye mkono wa koti. Nami najua Shemasi yuko wapi, chini ya mifuko, kwenye giza la friza, na nimesimama hatua mbili nyuma ya kofia ile ya kijani.

Halafu mkesha akaimba.

Si karibu. Ng'ambo ya kijito, chini, penye vichaka. Sauti ile huwezi kuiandika. Ni kama mtu mmoja anayepiga filimbi mbili kwa wakati mmoja, moja ikipanda na nyingine ikitetemeka chini yake. Nilielewa papo hapo: jirani, dume mwingine wa bonde la pili, amekuja kuangalia kama nafasi iko wazi. Wao wanajua kabla yetu.

Mabega ya Ardis yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Hakugeuka. Akasema polepole, "Miguu. Nani anaona miguu?"

Darubini kumi na nne zikainuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni zaidi, kwenye mwanya kati ya miti miwili, na nilimpata: mgongo, bawa, sehemu ya mkia. Miguu ilikuwa nyuma ya majani. Aliruka akatua tawi la chini, majani zaidi. Halafu akaondoka.

"Nimemwona," nikasema. "Nyekundu juu, fedha chini. Mguu wa kushoto."

Sikupanga. Naapa sikupanga. Niliiona kofia ile na mdomo ukafunguka.

Watu walifurahi kwa namna tunavyofurahi huku, bila kelele, wanagonganisha ncha za vidole. Joelle, asiyejua lolote, alikuwa anaruka ruka kwa viatu vyake vyeupe. Wendell akanipiga mgongoni. "Mzururaji! Nyekundu juu! Mwaka wa tano huo!" na tayari penseli inakwenda.

Ardis akageuka kwenye benchi. Uso wake nilikuwa nimeutarajia namna moja, ukawa namna nyingine.

"Nyekundu, Del?"

"Nyekundu."

"Una uhakika."

"Juu. Na fedha chini yake."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa salamu za mtu asiyemjua. Akainuka, akavuta kofia mbele kidogo, akasema twende, kuna mengi bado. Na aliongoza vizuri. Alimwonyesha Joelle kiota cha kinega kwenye uma wa mti, akamweleza namna kinavyoshonwa kwa nyuzi za buibui. Lakini kutoka pale mpaka mwisho hakucheka tena, na mimi nikajiambia ni furaha nyingi, mtu huchoka.

Mwisho wa matembezi tunakaa kwenye meza ya mbao karibu na kinu, tunakula keki ya lozi ya Waholanzi wa huku, na Wendell anasoma orodha. Kila ndege anasubiri mtu aseme "ndiyo". Alisoma hamsini na mmoja. Alipofika kwa mkesha alijisafisha koo.

"Mkesha wa msituni, mmoja. Shemasi. Nyekundu juu, fedha chini, ameonwa na Delmar Stroup."

Nikasubiri ile ndiyo. Ardis alikuwa anakata keki.

"Futa hiyo," akasema.

"Nifute nini?"

"Andika mkesha mmoja. Miguu haikuonekana."

"Lakini Del kaona. Ardis, ni Del, siyo yule wa Texas."

"Wendell. Futa."

Akafuta. Kifutio cha penseli kinapiga kelele sana watu wakinyamaza. Wendell akanitazama juu ya miwani, na katika kutazama kule nikamwona akiutoa mkono wake dirishani.

Wakaondoka mmoja mmoja. Joelle alimkumbatia Ardis, akauliza matembezi mengine ni lini. Ardis akamwambia Jumamosi ijayo, atakuwepo mtu. Nilisikia alivyosema: atakuwepo mtu.

Tukabaki wawili na makombo.

"Nilimwona Alhamisi jioni," Ardis akasema. "Nilikuja peke yangu na darubini ya miguu mitatu. Aliimba pale kwenye gogo, mita ishirini, jua linampiga. Pete nyekundu hana tena. Plastiki huchakaa, Garret alisema ingefika siku itadondoka. Imebaki alumini. Nikasoma mbili za mwisho. Saba, moja."

Nikamwaga kahawa iliyobaki kikombeni.

"Sikumwambia mtu. Nilitaka mumwone wenyewe, leo. Nilitaka Wendell aanze kubisha kwamba siye, halafu nimwambie asome namba." Alikusanya makombo kwa kisu, akayaweka kilima kidogo. "Usiku ule nilimpigia mwanangu. Nikamwambia nabaki. Alikasirika kweli. Nikamwambia, kasirika tu."

"Ardis."

"Ngoja. Nimekujua miaka saba. Wewe hukukosea. Mtu anayekosea anaona pete moja anadhani ni nyingine. Wewe umeniambia rangi ambayo haipo juu ya ndege yeyote duniani. Kwa nini mtu kama wewe aniambie hivyo? Nimetembea na swali hilo kutoka kwenye benchi mpaka hapa." Sasa alinitazama. "Yuko wapi?"

"Stoo."

Alifumba macho. Halafu akainuka, akakunja karatasi ya keki sawasawa, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni.

Nilifungua friza na kumtoa. Hakuwa ameganda bado sana. Mabawa yalikuwa yameshikana tu. Ardis ana kioo cha kukuzia cha Garret, anakivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimweka ndege kwenye benchi la kazi, chini ya taa, akafunua bawa, akalifunga, akapuliza manyoya ya kifuani kwa pumzi ndogo namna Garret alivyokuwa akifanya kutazama mafuta.

"Amefika na mafuta," akasema. "Hata hakuwa na njaa."

Akasoma namba yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Halafu akakichukua kikaratasi changu. Nilitaka kukinyang'anya. Nilikiona kabla yake, mwandiko wangu mwenyewe, mkubwa kama wa mtoto: *saa 11:30, dirisha la tatu.*

Alikisoma. Akanyanyua macho kwenye rafu. Bunda la vitone lilikuwa pale, jeupe, halijapungua tangu nilipoliacha.

Kama angenipigia kelele ningejua la kufanya. Nimepigiwa kelele na manahodha.

"Nilikwenda Soo," nikasema. "Nilisema siku tatu."

"Najua ulikwenda Soo."

"Nilitaka ubaki. Ndiyo maana nikasema nyekundu. Nilidhani imekatika kwenye kioo, nilidhani ukisikia nyekundu basi..."

"Ningebaki," akasema. "Ningebaki mwaka mzima nakuja pale kila jioni kumtafuta, nawe unaniangalia."

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Nimelifikiria tangu hapo kila siku.

"Ndege wanakufa, Del. Kati ya wanaoondoka vuli, nusu hawarudi. Garret aliniambia hivyo siku alipomwachia Shemasi aruke kutoka mkononi mwangu. Ungeniambia habari ya dirisha ningelia, nikakutukana, na Jumatatu tungebandika pamoja. Lakini nilikuwa na watu wawili duniani ambao wakisema wameona, sihitaji kuinua darubini. Mmoja yuko makaburini." Akakirudisha kikaratasi ndani ya mfuko, akafunga zipu. "Namba lazima iripotiwe. Aliyemwokota ndiye anayeripoti. Keti, nitakusomea maswali."

Tukafanya hivyo, kwenye kompyuta ya ofisi. Ardis alisoma, mimi nikajibu, yeye akapiga chapa kwa sababu mimi napiga kwa kidole kimoja. Ndege yuko hai au amekufa? Amekufa. Sababu? Kioo. Pete nyingine? Hakuna.

"Hakuna," akarudia, akaandika.

Mlangoni nilisema, "Baki hata hivyo."

"Kwa ajili ya nini?"

Aliuliza kweli. Hakuwa ananisuta. Alisimama pale, kofia mkononi, akasubiri jibu, na jibu lilikuwa neno moja. Nimelala kwenye mabehewa na watu wenye visu nikaongea nao mpaka asubuhi. Nimewaomba chakula wanawake nisiowajua, katika lugha nisiyoijua. Pale nilitazama ubao wa sakafu. Akasubiri zaidi ya nilivyostahili. Halafu akavaa kofia, akaenda kwenye gari lake.

Dirisha la tatu nilibandika siku ileile mpaka jua likazama. Mistari yangu imenyooka kuliko ya yale mawili.

Nyumba iliuzwa mwezi wa sita. Aliaga watu kanisani. Mimi si mtu wa kanisa. Mwezi wa saba ofisi ikaniita. Ukiripoti pete unatumiwa cheti, wakanichapishia. Kina picha ya mkesha. Aliyemvisha pete: Garret Vandermolen. Aliyempata: Delmar Stroup. Jina lake juu, langu chini, na hakuna mahali pa jina jingine. Niliwaza kumtumia Ardis. Anwani ninayo. Cheti kiko kwenye droo.

Aprili iliyofuata miguu iliniwasha kama kawaida, nikaitembeza kukizunguka kituo kila alfajiri, dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Soo sikwenda. Niliokota ndege wawili tu msimu mzima.

Siku hizi Wendell ndiye anaongoza. Anaongea mno, lakini kwenye benchi ananyamaza. Joelle ndiye anashika penseli. Jumamosi ya pili ya Mei tulisimama pale, dakika kumi, na kwenye ya saba mkesha akaimba upande wa huku wa kijito, karibu kabisa, kwenye gogo. Benchi lilikuwa tupu. Hakuna aliyethubutu kulikalia.

"Miguu," Wendell akasema. Kisha, na najua haikuwa rahisi kwake: "Del? Unaona?"

Jua lilikuwa limempata. Niliweza kuona kucha zake.

"Mitupu," nikasema. "Yote miwili."

Wendell hakuinua darubini yake. Joelle akaandika.